Majina Katika Daftari

Hapa Majengo tumekuwa tukikutana na wazee ili kuandika habari za jamaa zetu. Karatasi za nyumbani ni chache. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipolipuka, lava ilipita katikati ya mji wa Goma na kuliteketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena hadi Buhene, kando ya mji. Wengi walikimbia na watoto na magodoro, si na vyeti.

Kwa hiyo twaanza na ubatizo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 877, yaagiza yaandikwe majina ya aliyebatizwa, wazazi, wasimamizi na mhudumu, pamoja na mahali na tarehe. Bibi asiyejua mwaka aliozaliwa humtaja msimamizi wake bila kusita, na jina hilo hutufikisha Masisi, Rutshuru, hata ng'ambo ya mpaka.

Hapo ndipo penye ugumu. Mmoja wetu aliuliza: je, tuongeze safu ya kabila? Tulibishana jioni nzima. Wengine walisema historia isiyotaja kabila ni nusu ya historia, na hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini katika mkoa huu orodha ya mababu yaweza kugeuzwa orodha ya wageni, na daftari hupita mikononi mwa wengi. Kanuni ile haidai kabila. Nasi safu hiyo hatukuichora. Atakaye kusimulia ukoo wake husimulia kwa mdomo, nasi twasikiliza. Katika daftari twaandika nani alimzaa nani, na nani alimsimamia.