Chembe Isiyokubali Kupukutika



Mwaka 1972 wataalamu Kerr, Wyllie na Currie walieleza kwamba chembe za mwili zina utaratibu wa kujiua zinapochakaa au kudhurika. Waliuita apoptosisi, neno la Kiyunani lenye maana ya kupukutika kwa majani. Chembe ya saratani hukataa kupukutika, huzidi kuzaana. Hayo ndiyo maradhi ya shemeji yangu: glioblastoma, uvimbe wa ubongo.

Utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kwa mionzi pekee nusu ya wagonjwa walivuka miezi 12.1, kwa mionzi pamoja na dawa ya temozolomidi, miezi 14.6. Wako wasemao tofauti hiyo ni haba. Kwake huenda ikawa kuiona Ramadhani moja zaidi pamoja na wanawe. Tumwombee afya, na watafiti tuwaombee subira.