UFUKWE NI HAKI YA NANI?



Ndugu zangu katika imani, mgeni akija huku kwetu Zinga, akiitazama pwani ya Mlingotini anaona mandhari. Upepo, mchanga, pahala pazuri pa kujenga. Mvuvi akitazama palepale anaona diko. Mama wa mwani anaona shamba lake, lile linaloonekana maji yakipwa tu, na mchanga wa juu ni uwanja wake wa kuanikia. Wote wameona sawa. Tatizo linaanza pale mmoja anapojenga ukuta, wenzake wakakuta njia ya kushukia imekufa.

Kina mama wameniuliza mara mbili mwezi huu: "Sheikh, mwenye hati si ana haki yake?" Anayo, na mali ya mtu haiguswi. Lakini mafakihi wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wamezungumza habari ya harimu ya mto, yaani ukingo ambao watu wanauhitaji ili kuyafikia na kuyatumia maji. Wakasema haumilikiwi wala haujengwi, hata msikiti. Hebu tafakari hapo: hata nyumba ya Mwenyezi Mungu isiwazibie watu njia ya majini! Wao walizungumzia mto. Mimi naona ufukwe wetu una sababu ileile. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu zenye kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Lakini na sisi wenyeji tusijitoe. Wapo wanaojisaidia mikokoni alfajiri, na wapo wanaoikata mikoko usiku. Mtume ﷺ alitahadharisha kujisaidia njiani, kivulini na pale watu wanapofuata maji, akaeleza kuwa ni mambo yenye kuleta laana. Mikoko ndimo kamba na samaki wadogo wanamokulia. Unaikata, kisha unamlalamikia nani nyavu zikitoka tupu? Na utadai vipi njia ya kwenda mahali unapopanajisi mwenyewe?

Kina mama, twendeni kwa mwenye ukuta pamoja na mwenyekiti, kwa adabu. Tumwombe upana wa mkokoteni mmoja, mwani upite. Inshaallah nitafuatana nanyi Jumamosi, maji yakijaa, mkishatoka shambani.

Wabillahi tawfiq.