Picha 36, leso kuukuu na kibodi mbovu: albamu ndogo za mkono hapa Mwiki

Kimya kimekuwa kirefu, najua. Mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, subirini kidogo, inakuja. Leo nataka kuandika juu ya gundi, kadibodi na mbao za saiprasi. Msikimbie! Kompyuta imo ndani.

Kwa wasiopajua, Mwiki ninayoisema ni ile ya upande wa Ruiru, kaunti ya Kiambu, si ile jirani yake ya Kasarani, Nairobi. Jina ni moja, kaunti ni mbili, vumbi ni lile lile. Hapa ndipo anapoishi mama yangu, na chini ya kitanda chake upo mkebe wa biskuti uliojaa picha. Nyingine ni za rangi nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiberiti. Nyingine ni za rangi lakini zimegeuka nyekundu nyekundu kwa uzee. Zote pamoja ni 140 na ushei.

Tatizo lenyewe

Nyuma ya nyingi hakuna kilichoandikwa. Waliowajua watu wote wa mkebe ule walikuwa wawili: mama, na dada yake mkubwa. Mama mkubwa alifariki mwaka 2021 akaenda na nusu yake ya majina. Nusu iliyobaki imo kichwani mwa mama, mwenye umri wa miaka 78, na mama ameanza kusahau. Si sana. Anasahau sufuria jikoni, anasahau kama ametuma pesa ya chama. Lakini mtu wa kompyuta akisikia kwamba data yote iko mahali pamoja tu, na mahali hapo pameanza kuleta hitilafu, anajua la kufanya. Unanakili kwanza, mengine baadaye.

Nikaanza kwenda kwake kila Jumapili jioni na kalamu ya risasi. (Ya risasi, jamani, si ya wino. Wino wa kalamu ya kawaida hupenya na kuchafua picha, na ukikandamiza nyuma, alama hutokea mbele.)

Kumbe jina peke yake halitoshi! Sisi Wakikuyu humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao, halafu tunahamia kwa ndugu za wazazi. Ni desturi nzuri, maana hakuna anayepotea kabisa. Lakini jaribu kuitumia kama ufunguo wa jedwali uone! Ndani ya mkebe ule jina moja lina watu wanne wa vizazi vitatu. Ukiandika jina tu chini ya picha, hujaandika kitu.

Kwa hivyo kila picha nikaipa sehemu tatu. Kwanza, jina na ni mtoto wa nani. Pili, mahali na mwaka, hata wa kukisia (mama huhesabu kwa "kabla ya uhuru" na "mwaka nilioolewa", na hiyo ni tarehe nzuri tu). Tatu, jambo moja ambalo picha haionyeshi.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Kuna picha ya kijana aliyesimama studio, suruali pana, mkono mmoja mfukoni. Sisi watoto tulimwita "yule wa suruali". Mama aliishika muda mrefu, kisha akasema ni kaka yake aliyefariki kabla sijazaliwa, na kitinda mimba wetu ndiye anayebeba jina lake. Akanyamaza. Halafu akasema, "Alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto. Mwalimu alimchapa sana kwa hilo."

Kitinda mimba wetu naye huandika kwa mkono wa kushoto. Ana miaka zaidi ya arobaini, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alikuwapo mwingine. Nilipompigia simu usiku ule alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika.

"Si uziweke tu kwenye mtandao?"

Hilo ndilo swali la kila rafiki yangu wa kazini. Nimeziweka, bila shaka. Nimeskani kila moja kwa dpi 600, nakala moja iko kwenye diski ya nje, nyingine mtandaoni. Lakini sisi tuliokaa mtandaoni miaka mingi tumeshazika wengi. Yahoo iliifunga GeoCities mwezi Oktoba 2009. Mwaka 2019 MySpace ilitangaza kwamba picha na nyimbo zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Na tarehe 1 Juni 2021 Google Photos iliacha kuhifadhi picha mpya bure bila kikomo. Sisemi ni watu wabaya. Nasema tu nyumba ya kupanga ni nyumba ya kupanga.

Halafu kuna WhatsApp, ambako ndiko picha zetu za siku hizi zinakoishi. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza na huondoa metadata, yaani ile tarehe na mahali ambavyo kamera iliandika ndani ya faili. Kwenye Android hubaki jina kama IMG-20190812-WA0007. Watu hudhani hiyo ni tarehe ya kupigwa. Hapana! Ni tarehe picha ilipofika kwenye simu yako. Picha ya harusi ya 1974 ikitumwa leo itasema ni ya leo. Ukitaka asili ibaki kama ilivyo, itume kama faili, si kama picha.

Na hata kama hayo yote yasingekuwapo, mama hafungui mtandao. Kitu ambacho mkono wake haukifikii, kwake hakipo.

Kwa nini 36

Filimu ya milimita 35, wanaokumbuka wanajua, ilikuwa na picha 24 au 36. Ulifikiri kabla ya kubonyeza. Nikajiwekea mpaka huo huo: picha 36 za ukoo mzima, albamu tatu, kila moja picha 12. Albamu ya kwanza ni ya waliotangulia, ya pili ni ya mama na baba, ya tatu ni yetu sisi na watoto wetu. Kuchagua 36 kati ya za mkebe na elfu kadhaa za kwenye simu kulichukua wiki tatu. Kazi nyingine zote zilichukua siku mbili.

Sasa kompyuta. Karatasi ya A4 kwa dpi 300 ina pikseli 2480 kwa 3508. Picha ya sentimita 6 kwa 8 ni pikseli 709 kwa 945. Zinaingia tatu kwa upana na tatu kwa urefu, yaani tisa kwa karatasi, na picha 36 ni karatasi nne kamili, hakuna hata nafasi moja inayopotea. Niliandika skripti fupi ya Python kwa kutumia maktaba ya Pillow: inasoma folda, inakata kila picha kwa uwiano wa 3 kwa 4, inazipanga tisa tisa na kuchora mistari myembamba ya kukatia. Kwa ukubwa huo mdogo hata picha iliyopita WhatsApp hutoka safi.

Uchapishaji msifanye kwa printa ya wino ya nyumbani. Wino mwingi wa aina hiyo hufifia kwa jua na huchuruzika ukiguswa na maji. Pelekeni kwenye studio inayosafisha picha kwa karatasi halisi ya picha, au angalau kwenye printa ya leza.

Kutengeneza albamu

Hapa hakuna haja ya vifaa vya kuagiza nje. Ukimwambia mtu unapamba albamu kwa mkono atakuambia hayo ni mambo ya Wazungu, na kweli Mark Twain alipata hataza ya kitabu chenye gundi tayari ya kubandikia vipande mwaka 1873. Lakini kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akikata na kuunganisha picha studioni mwake zamani, kabla yeyote kati yetu hajagusa kompyuta. Na wapiga picha wa feri ya Likoni, Mombasa, miaka ya 1990 walijenga vibanda vilivyopambwa kwa mandhari ya kuchorwa, mteja akasimama katikati kama mfalme. Kupamba picha ni kwetu pia.

Mahitaji: karatasi ya manila ya ukubwa wa A1, kadibodi ngumu, gundi nyeupe ya mbao, leso kuukuu au vipande vya kitenge (fundi wa kushona atakupa bure), rula, wembe na utepe.

1. Kata manila vipande vya upana wa sentimita 10, kwa kufuata urefu wa karatasi. Karatasi moja hutoa vitano, kila kimoja sentimita 84.

2. Kunja kila sentimita 7, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama kinanda cha kodioni. Unapata kurasa 12. Tumia mgongo wa kijiko kukaza mikunjo.

3. Kata kadibodi mbili za sentimita 7.5 kwa 10.5. Zivike leso, ukiacha sentimita 1.5 kila upande ya kukunjia ndani. Gundi iwe kidogo! Ikizidi hupenya na kuacha madoa.

4. Laza utepe nyuma ya kadibodi moja, kisha bandika kadibodi kwenye ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Weka chini ya vitabu vizito usiku kucha.

5. Upande mmoja una kurasa zote 12, hizo ni za picha. Upande wa pili zimebaki 10, hizo ni za maneno ya mama.

Msitumie gundi ya unga, mende wataila pamoja na babu yenu. Na picha za asili msizibandike kamwe. Bandikeni nakala, za asili zirudi mkebeni zikiwa ndani ya bahasha. Kama mna zile albamu za zamani zenye kurasa za kunata na plastiki juu, tahadhari, gundi yake huharibu picha pole pole. Kwanza ipigeni picha ikiwa humo humo, kisha pitisheni uzi wa kusafishia meno chini yake taratibu. Ikikataa, iacheni.

Rafu

Albamu ndani ya kabati ni sawa na faili kwenye folda usiyoifungua. Nikanunua mbao za saiprasi za inchi 6 kwa 1, nikatengeneza rafu ya futi mbili yenye ngazi mbili, na ukingo mdogo mbele ili vitu visianguke. Msasa, kisha vanishi mara mbili. Nyuma nikabandika ile leso iliyobaki. Imewekwa kwa urefu wa mkono wa mtu aliyekaa kwenye kiti, mbali na dirisha, maana jua huua rangi, na mbali na ukuta unaotoa unyevu wakati wa masika.

Mapambo niliachia mpwa wangu wa miaka tisa. Nilimpa kibodi mbovu ya kazini, tung'oe vibonye tuandike neno mbele ya rafu. Akataka NYUMBANI. Nikamweleza kwamba kibodi moja ina N moja tu, kwa hivyo NYUMBA inawezekana lakini NYUMBANI haiwezekani. Akaniangalia kwa huruma. "Anko, si ulaze Z?" Akaigeuza kwa ubavu. Nimeajiriwa kuandika programu miaka kumi na minane, na sikuwa nimeiona hiyo.

Kilichotokea baadaye

Niliziweka albamu pale nikidhani kazi imekwisha. Wiki mbili baadaye nikakuta maandishi ya kalamu ya risasi ambayo si yangu. Mama amekuwa akiongeza. Chini ya picha ya shamba ameandika jina la mbwa. Kando ya picha ya harusi yake ameandika nani aliazima viatu kwa nani. Wageni wa chama wanazishika huku chai ikipoa, na mmoja wao, mama wa jirani, alimtambua mtu ambaye tulikuwa tumemwandika "hajulikani". Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye folda yangu ya mtandaoni, na kiungo chake niliwatumia ndugu wote tangu mwaka juzi.

Kuna siku nyingine mama hafurahii. Jumapili iliyopita alitazama ukurasa mmoja, akaniuliza ni nani huyu, na alikuwa yeye mwenyewe, msichana. Nikageuza upande wa nyuma nikamsomea alichokuwa amekiandika kwa mkono wake. Akasema, "Haya, basi ni kweli," tukaendelea na ukurasa uliofuata.

Bado kuna picha 23 kwenye mkebe zisizo na jina. Nimezipanga foleni, tatu kila Jumapili.

Skripti nitaipandisha hapa nikishaisafisha. Lakini msiisubiri. Kama kwenu kuna mkebe, na kuna mtu anayejua waliomo, chukua kalamu ya risasi na picha kumi na mbili tu. Uliza ya kwanza wiki hii. Gundi inaweza kungoja.

Tuonane, na sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja, naahidi!