Alama mbili za kunukuu

Katika idara yetu, mwanafunzi anayeandika amri kwenye kompyuta hutazamwa kama mtu aliyehamia kwa mafundi bila kuaga. Nadhani bado yuko nyumbani. Amri ni sentensi, na sentensi ndiyo kazi yetu. Ina kitenzi mbele, ina yambwa mwishoni, na katikati huja herufi zenye kistari zinazoitwa machaguo. Machaguo hayo yanafanana na viambishi vyetu: "andika" ni jambo moja, "andikia" ni jambo jingine, na kilichoongezeka ni sauti moja tu.

Niliingia katika sarufi hiyo kwa sababu ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Nakusanya masimulizi ya akina mama wajane wa Lubumbashi, nione jinsi wanavyochanganya Kiswahili, Kifaransa na Kibemba wanapozungumzia urithi. Wanataja nani alibeba godoro, nani alibadilisha kufuli, nani alikaa kimya. Mama mmoja wa Katuba aliniambia kabla sijawasha simu ya kurekodia: "Mwanangu, haya yakifika kwa mashemeji, mimi sina pa kulala." Nikamwahidi kwamba hayatafika.

Tangu hapo swali langu la kwanza si la isimu tena. Ni hili: ahadi ile inakaa wapi? Sina kompyuta yangu. Natumia ile ya chumba cha wanafunzi, ambayo kila mmoja anaifungua. Maandishi yako kwenye flashi ninayotembea nayo mfukoni, na ghala lake la kudumu ni seva iliyoko Ubelgiji, ambayo sijawahi kuiona. Intaneti tunainunua kwa megabaiti, na kurasa zenye picha na vitufe zinamaliza vocha kabla kazi haijaanza. Amri ya maandishi inakula kidogo sana. Ndiyo maana natumia ssh, programu iliyotungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen huko Finlandi, baada ya mtu kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo chake. Programu hiyo hufumba mazungumzo yote kati ya kompyuta mbili, hivi kwamba anayesikiliza njiani haambulii kitu.

Lakini usalama wa njia si usalama wa nyumba. Kwa hiyo kwanza naunda folda kule mbali:

ssh seva 'mkdir -p -m 700 wajane/katuba'

"Seva" ni jina fupi nililoipa kompyuta ile. Chaguo -p linasema: kama folda mzazi haipo, iundwe nayo. Chaguo -m 700 linasema: mwenyewe tu ndiye aingie. Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa lugha atalipenda: -m linamhusu mtoto wa mwisho peke yake. Mzazi akiundwa njiani, anafuata desturi ya kawaida ya mashine. Katika mfano huu, "katuba" imefungwa. "Wajane" huenda iko wazi. Tena folda imezaliwa ikiwa imefungwa. Kuunda kwanza na kufunga baadaye ni kuacha mlango wazi kwa muda, na muda mfupi unatosha.

Kisha napeleka faili lenyewe:

ssh seva 'umask 077; set -C; cat > wajane/katuba/07.txt' < 07.txt

Sehemu ya kwanza inaamuru kwamba kila kitakachoundwa kisomwe na mwenyewe tu. Ya pili inakataza kuandika juu ya faili ambalo tayari lipo. Ya tatu inapokea maneno na kuyaweka katika faili jipya. Lakini uzito wote uko katika alama mbili za kunukuu.

Kuna wakalimani wawili wa amri. Mmoja yuko hapa, mbele yangu; mwingine yuko Ubelgiji. Yaliyo ndani ya alama, wa hapa anayapitisha bila kuyagusa, na wa kule ndiye anayeyatimiza. Yaliyo nje ya alama, wa hapa anayatimiza mwenyewe. Mshale wa < uko nje, kwa hiyo faili linasomwa hapa, kwenye flashi. Mshale wa > uko ndani, kwa hiyo faili linaundwa kule.

Yaya mmoja aliyetutangulia masomoni alituonyesha, kwa faili la majaribio, amri ileile bila alama:

ssh seva cat > 07.txt < 07.txt

Mkalimani wa hapa aliona mishale yote miwili kuwa yake. Ule wa kuandika ulimwamuru aanze faili upya, basi akalifuta. Alipokuja kulisoma, hapakuwa na neno. Faili lilikuwa tupu hapa, na kule halikuundwa lolote. Hakuna onyo lililotokea kwenye skrini.

Sisi tunalijua jambo hilo kwa jina jingine: usemi halisi na usemi wa taarifa. Nikiandika kwamba mama alisema "mimi sina pa kulala", huyo "mimi" ni yeye. Nikiondoa alama, "mimi" nakuwa mimi mwandishi, na asiye na pa kulala amepotea katika sentensi yake mwenyewe. Hapa mjini tuna mfano mkubwa zaidi. Historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 ilipigwa chapa bila utaratibu thabiti wa kutenga maneno wala wa vituo. Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990, alihitaji Kalundi Mango aisome kwa sauti ndipo ieleweke. Alama zilizokosekana pale zilirudishwa na mdomo wa mtu. Kompyuta haina mdomo huo.

Wala kufuli ya 700 si ya mwisho. Msimamizi wa seva anaweza kufungua kila kitu, na huyo simjui. Kwa hiyo majina ya watu na ya mitaa nayabadilisha kwenye flashi kabla ya kutuma. Ufunguo wa majina hayo uko kwenye daftari la karatasi, na daftari halina intaneti.

Tunafundishwa jinsi ya kumwuliza mzee, jinsi ya kuandika toni, jinsi ya kunakili vigugumizi. Yote ni mazuri. Naomba walimu wetu waongeze saa moja: maneno tuliyokabidhiwa yanaundwa wapi, nani ataweza kuyasoma, na nani anatimiza amri tunapobonyeza kitufe. Mama wa Katuba hatauliza kuhusu chaguo -m. Aliuliza kuhusu mashemeji, na jibu lake linahitaji mtu anayejua zote mbili.