Sindano za Goti Hanang

Nilikulia Mbulu, ambako mtoto yeyote mwenye mbio aliitwa Akhwari. John Stephen Akhwari ni wa kwetu. Mwaka 1968 alimaliza marathoni ya Olimpiki kule Mexico akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Michezo ile ile ndiyo iliyomnyang'anya mtu medali kwa mara ya kwanza katika Olimpiki kwa kosa la dawa: Hans-Gunnar Liljenwall wa Sweden, aliyekutwa na pombe mwilini. Kisa hicho hakikutufikia. Enzi zangu za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tulitaka kuwa kama Gidamis Shahanga wa Hanang, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978, na hakuna mwalimu aliyetutajia kupimwa.

Niliporudi kufundisha riadha Katesh, wilayani Hanang, pesa za mbio za barabarani zilikuwa zimeingia. Kijana akiumwa goti alikimbilia duka la dawa, akachomwa sindano asiyoijua jina, kesho yake yuko mazoezini. Niliogopa sana sindano hizo zisije zikawa na dawa iliyokatazwa.

Mwaka 2014 mkimbiaji Rita Jeptoo wa Kenya alikutwa na EPO, dawa iliyokatazwa. Nchi yake ikatunga sheria ya kupambana na dawa hizo mwaka 2016, lakini mwaka uliofuata akanaswa Jemima Sumgong, bingwa wa Olimpiki. Kwa maoni yangu sheria ile ilipata meno mwishoni mwa 2022, serikali ilipoahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 ili nchi isifungiwe. Wapimaji wakaongezeka, na walionaswa wakaongezeka.

Huku kwetu niliona nguvu ya kanuni za upimaji kwa binti mmoja niliyemfundisha. Alipoingizwa kwenye orodha ya wanaopimwa nje ya mashindano, ilimbidi aeleze, kwa kila siku, atapatikana wapi kwa saa moja. Kukosekana mara tatu ndani ya miezi 12 ni kufungiwa. Akaanza kunipigia simu: "Shikamoo Mwalimu, hii ya mafua ninywe?" Tangu 2022, hata sindano ya steroidi ya kutuliza uvimbe hairuhusiwi wakati wa mashindano bila kibali cha tiba, popote inapochomwa mwilini. Sasa haendi dukani kabla ya kuuliza.

Wenzake wanaogombea zawadi ndogo za mbio za mikoani sijawahi kuona wakipimwa, na sindano wanaendelea kuchomwa. Hao ndio wanaoninyima usingizi. Nataka wapimaji waje kwenye mbio hizo, na orodha ya dawa zilizokatazwa ibandikwe kwa Kiswahili katika kila duka la dawa, Katesh hadi Mbulu mjini.