Mdomo wa Maciste, Sauti ya Tandale

Tandale, kabla ya kuwa kitu kingine chochote, ni soko la nafaka. Mchele, maharage na mahindi hushushwa pale kutoka mikoani, na kila kinachoshushwa hupita juu ya bega la mtu. Makuli wa soko lile hubeba lumbesa, yaani gunia lililojazwa likashiba, kisha likavishwa kilemba na kushonewa kwa kamba. Limepigwa marufuku mara chungu nzima na lingali linatembea. Ikifika jioni baadhi yao huoga, hula, kisha huingia kibanda umiza, jina ambalo aliyekalia ubao wa humo kwa saa mbili hahitaji kufasiriwa. Nje pana ubao wa chaki unaotangaza mpira wa saa ngapi na sinema ya saa ngapi. Ndani pana televisheni, spika na joto la mabati. Na kiooni, siku ambayo zamu ni ya sinema za upanga, mwanamume aliyepakwa mafuta, asiye na shati, ananyanyua jabali kubwa kuliko yeye na kulivurumisha juu ya askari wa Kirumi.

Watazamaji hucheka, na kicheko chao chafaa kuangaliwa vizuri, maana si cha dharau. Mtu aliyebeba gunia la kilo mia anaujua uso wa mzigo. Anajua kwamba shingo huzama mabegani, macho hukaza mahali pamoja, na kinywa hakina nafasi ya neno. Shujaa wa sinema hizi hutabasamu, nywele zake zimechanwa, na jabali lake la mbao na karatasi hudunda kidogo linapoanguka. Hapana awezaye kudanganywa mahali pale, wala hapana anayetoka. Wanachokipenda ni kumwona mtu wa mabavu kama wao, aliyeumbwa kwa kazi kama yao, akibeba bila kuumia.

Asili ya sinema hizi ni Italia. Mwaka 1958 mwongozaji Pietro Francisci alitoa *Le fatiche di Ercole*, kisa cha Hercules, na shujaa wake alikuwa Steve Reeves, Mmarekani mtunisha misuli aliyetwaa taji la Mr. Universe mwaka 1950. Mfanyabiashara Joseph E. Levine akainunua kwa soko la Marekani, akaitangaza kwa makelele makubwa mwaka 1959, ikaleta fedha nyingi. Baada ya hapo Waitalia hawakulala. Kwa muda wa miaka kama saba hivi walitengeneza sinema za namna hiyo kwa makumi na makumi, mara nyingi katika mandhari na mavazi yaliyokwisha kutumika katika sinema nyingine. Waandishi wa Kifaransa wakaziita peplum, kwa jina la vazi la kike la kale. Nguzo za hekalu huanguka, malkia mwovu ana nywele zilizotengenezwa saluni, minyororo hukatika kama uzi wa buibui. Aliyekuwa na kipaji hakukificha: Mario Bava, katika *Ercole al centro della terra* ya mwaka 1961, hakuwa na fedha za kuijenga kuzimu, basi akaipaka kwa taa nyekundu na za kijani, na kuzimu ile inatisha na kuchekesha kwa pamoja hadi leo. Hercules wake alikuwa Reg Park, Mwingereza aliyehamia Johannesburg.

Mwaka 1964 soko lilikuwa limechoka. Sergio Leone, aliyeongoza sinema ya sanamu kubwa ya Rhodes mwaka 1961, akawavua watu wake ndara akawavisha viatu vya farasi. Sergio Corbucci, aliyemwongoza Reeves katika kisa cha Romulus na Remus mwaka huo huo wa 1961, akatoa *Django* mwaka 1966. Wazee wa pwani waliomwona Django akiburura jeneza lake katika majumba ya sinema walikuwa wakimtazama mdogo wake Hercules, ingawa tiketi haikusema hivyo. Na wajukuu wanaotazama *Gladiator* ya mwaka 2000, *300* ya mwaka 2006 au tamthilia ya *Spartacus* ya mwaka 2010 hadi 2013, wanatazama nyumba ile ile iliyopakwa rangi ya bei ghali zaidi.

Jambo kubwa katika sinema zile za Italia, walakini, halikuwa misuli. Lilikuwa sauti. Italia ya wakati ule ilikuwa na desturi ya kupiga picha kwanza na kutia maneno baadaye. Mbele ya kamera Mmarekani alisema Kiingereza, Mtaliana Kitaliana, na kila mmoja akajibu lugha asiyoisikia vyema. Kisha waigizaji wengine wakaketi chumbani na kuwatilia maneno wote. Hata katika nakala ya Kiingereza, sauti inayotoka kinywani mwa Steve Reeves si yake. Arnold Schwarzenegger, aliyemhusudu Reg Park tangu ujana, alianza uigizaji kwa *Hercules in New York* mwaka 1970, naye sauti yake iliondolewa ikawekwa ya mtu mwingine kwa sababu lafudhi yake ilikuwa nzito. Midomo hufunga, neno bado linaendelea. Neno limekwisha, midomo ingali inatafuna hewa. Wapenzi wa sinema hizi Ulaya na Marekani hulicheka jambo hilo kama kasoro tamu. Kwa mtu wa Tandale lina maana zaidi, kwa kuwa yeye hajapata kuizoea sinema ambayo mdomo na sauti ni vya mtu mmoja.

Zilipoenea kanda za VHS, Dar es Salaam ilijipatia wafasiri wake. Aliyejulikana kuliko wote alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejiita Lufufu; baada yake wakaja King Rich na wengineo, na mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings amewaandika katika kitabu chake *African Appropriations* cha mwaka 2015. Kenya wana DJ Afro. Uganda wafasiri wamekuwa sehemu ya sanaa yenyewe, kiasi kwamba *Who Killed Captain Alex?*, sinema ya Wakaliga jijini Kampala ya mwaka 2010, ilijulikana duniani ikiwa na sauti ya mfasiri VJ Emmie ndani yake. Kazi ni moja kote. Mfasiri hukaa na kipaza sauti, huishusha sauti ya sinema watu wanapozungumza, huipandisha panga zinapogongana, naye peke yake huwa shujaa, adui, malkia na farasi. Tena husimulia yatakayokuja, huwatania wanaochelewa kufa, na humkemea shujaa anapomwamini mwanamke asiyestahili kuaminiwa. Seneta wa Roma huweza kuwa mjumbe wa nyumba kumi. Mtumwa anayedai ujira wake huweza kudai kwa maneno yale yale yaliyosemwa sokoni asubuhi.

Wasomi wa lugha wamewahi kuikunjia uso kazi hii. Husema mfasiri wa kibandani haifahamu vyema lugha anayoifasiri, huongeza yasiyokuwemo na huacha yaliyomo. Ni kweli, mara nyingi. Lakini mfasiri yeyote aliyewahi kukaa na kamusi tatu mezani atauliza: amehaini matini ipi? Matini ya Kiingereza ya sinema ya Kitaliana ilikwisha kuwa kisa kingine. Wamarekani hawakumjua Maciste, kwa hiyo wauzaji walimbadilisha jina kila alipovuka bahari. *Maciste contro il vampiro* ikawa hadithi ya Goliath. *Maciste alla corte del Gran Khan* ikawa ya Samson. Watu wa suti walifanya hivyo kwa ajili ya faida, na hapana aliyewaita wapotoshaji. Mfasiri wa Tandale ni wa tatu au wa nne katika mnyororo ule, naye ndiye wa kwanza kukaa chumba kimoja na wasikilizaji wake, akisikia kama neno limefika au limeanguka njiani.

Huyo Maciste ana kisa kinachostahili kusikilizwa pwani kuliko mahali pengine. Alizaliwa mwaka 1914 katika *Cabiria*, sinema ya Giovanni Pastrone iliyotengenezwa Torino, ambayo majina yake na maandishi yake yalitoka kwa mshairi Gabriele D'Annunzio. Kisa ni cha vita vya Roma na Carthage, na wakati wenyewe haukuwa wa bahati nasibu: Italia ilikuwa imetoka kuinyakua Libya mwaka 1911 na 1912. Maciste ni mtumwa wa Mrumi, na ni Mwafrika mweusi. Aliyemwigiza, Bartolomeo Pagano, alikuwa kuli wa bandari ya Genova, mtu asiyepata kuigiza kabla ya hapo, aliyechaguliwa kwa mabega yake na kupakwa rangi mwili mzima. Watazamaji wakampenda mtumwa kuliko bwana. Basi mwaka 1915 akapewa sinema yake mwenyewe, na humo rangi imekwisha kuoshwa: Maciste ni Mtaliana mweupe. Mwaka 1916 alikwisha kuwa askari wa milimani akipigana na Waaustria. Aliporudi miaka ya 1960, hapana hata mmoja wa wale watunisha misuli walioigiza jina lake aliyekumbushwa kwamba babu yao alikuwa mtumwa kutoka Afrika.

Ndivyo nguvu za mtu mweusi zilivyochukuliwa, ngozi ikaachwa mlangoni. Shafi Adam Shafi alipoandika *Kuli*, riwaya iliyotoka mwaka 1979, aliwachukua wabeba mizigo wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, akawapa kile ambacho Pagano hakupewa: haki ya kusema wenyewe kwa nini mgongo unauma. Mfasiri wa kibandani hakusoma historia ya Torino. Lakini anapompa shujaa yule Kiswahili cha soko la nafaka, lafudhi ya Mzaramo leo na ya Mmakonde kesho, kinachotokea kinafanana na kumrudisha mtu kwao kwa njia ya koo, maadamu njia ya ngozi ilikwisha kuzibwa.

Wapenzi wa ushairi wasidhani mambo haya yako mbali nao. Chuo cha Herekali, ambacho wengi hukiita Utendi wa Tambuka, ni kazi ya Mwengo wa Athumani wa Pate, na tarehe yake ni ya mwaka 1728. Beti zake zinapita 1,100, na ndani yake jeshi la Waislamu linakabiliana na Rumu. Herekali ni Heraclius, mfalme wa Kirumi wa Konstantinopoli aliyetawala toka 610 hadi 641, na jina lake lilitokana na jina la Hercules. Wapo watakaochukia kuona chuo hicho kikitajwa jirani na jabali la karatasi. Heshima ya vitu hivi viwili si sawa, wala hailinganishwi hapa. Kinacholinganishwa ni masikio. Wasikilizaji wa Pate walijua kwamba mpanda farasi mmoja haangushi maelfu kabla ya adhuhuri, wakakaa mpaka mwisho, kwa kuwa chumvi ile iliwapa kitu ambacho hesabu haitoi.

Na Fumo Liyongo je? Kijumwa alimtungia utendi mwaka 1913, nao una kila kitu ambacho Cinecittà ingekitaka: jitu la nguvu, mfalme mwenye husuda, gereza, minyororo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Hercules hukata mnyororo kwa kutunisha kifua. Liyongo alikata wake kwa tupa, iliyofichwa na mama yake ndani ya mkate wa wishwa uliodharauliwa na walinzi, na mkwaruzo wa tupa ile ukazibwa na nyimbo alizozitunga mwenyewe zikaimbwa nje kwa ngoma. Utendi wa pwani uliona ni lazima msikilizaji aambiwe chuma kilitoka wapi, nani alikileta na kwa hatari gani. Makuli wanaocheka mbele ya kioo wanadai hesabu hiyo hiyo, na mara nyingi mfasiri ndiye huwalipa, akitia maneno ya pembeni kuhusu seremala aliyesahau kulikaza jabali.

Huko Japani walikuwapo wasimulizi wa sinema zisizo na sauti, walioitwa benshi. Watu walikwenda kumsikiliza msimulizi fulani, sinema iwe yoyote. Sauti ilipoingia katika filamu, mwanzoni mwa miaka ya 1930, walipoteza kazi kwa mamia. Tandale kilichobadilika ni chombo. Sinema zilizofasiriwa siku hizi hutiwa katika flashi dukani au hushushwa kwenye simu, zikiwa na sauti ya DJ Mack au DJ Murphy iliyorekodiwa chumbani, safi, bila kikohozi cha mtu wa benchi la mbele. Mfasiri wa hai, anayeweza kujibizana na mteja aliyeudhika, amepungua.

Chuo cha Herekali kimetufikia kwa sababu kilinakiliwa kwa mkono, tena na tena, na watu walioona kinastahili wino. Kanda za VHS zilizobeba sauti za wafasiri huota ukungu katika unyevu wa pwani, na nyingi hazikungoja ukungu: wenye vibanda walizifuta, wakarekodi juu yake sinema mpya iliyofasiriwa wiki ile.