Chemko Ambalo Redio Haikutupa

Nikiwa mtoto niliamini kwamba wimbo wa bendi ya Mlimani Park unaishia pale saksafoni zinapoanza kupamba moto. Hapo ndipo mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam alipokuwa akiingia, akashusha muziki taratibu na kututajia saa, kisha ikaja taarifa ya habari. Tulikuwa Karagwe, watoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda waliovuka mto Kagera kuanzia 1959, na redio ilikuwa ya baba. Betri zikichoka tulizianika juani, zikatupa nyimbo mbili tatu nyingine kabla ya kuzimika kabisa.

Baba alipenda habari. Mimi nilipenda kilichokuja kabla ya habari. Beti nilizijua zote: "Neema" ya Cosmas Chidumule niliiimba machungani, na "MV Mapenzi" ya Hassan Bitchuka niliiimba bila kuelewa hata robo ya yale mambo ya watu wazima. Sura zao sikuzijua. Sahani za santuri za bendi za Tanzania zilikuwa adimu, maana nchi haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Nyimbo zilirekodiwa kwenye studio za redio hiyohiyo, zikabaki huko kwenye kanda zikisubiri kupigwa hewani. Kwa hiyo Bitchuka kwangu alikuwa sauti nyembamba ya juu, basi. Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa ile sauti nzito inayomshika mkono asianguke.

Zamani hizo bendi ilikuwa na mwajiri. Kulikuwa na bendi ya jeshi, ya polisi, ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, ya jumuiya ya wafanyakazi. Hiyo yangu ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na taksi, ikachukua jina la baa ya Mlimani Park, na mwaka 1983 ikahamia kwa DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwanamuziki alipata mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya shirika. Ndiyo maana mtu aliweza kuhama bendi kama anavyohama idara, na hakuna aliyehama kwa kishindo kama Gurumo na Bitchuka mwaka 1985, walipochukuliwa na Orchestra Safari Sound. Habari hiyo ilitufikia Karagwe kwa kuchelewa. Nilinuna wiki nzima, utadhani wamehama nyumbani kwetu.

Baada ya 1994 tulirudi Rwanda, nchi ambayo sikuwahi kuiona. Kigali niliingia kwenye biashara ya marumaru, na biashara ndiyo iliyonileta Nyarutarama, maana huku ndiko majumba yalikokuwa yakiota, juu ya uwanja wa gofu na lile ziwa dogo. Mtaa huu ni wa ukimya: kuta ndefu, walinzi, mbwa. Muziki ulikuwa ng'ambo, bondeni Kangondo, kwa wale tuliozoea kuwaita watu wa Bannyahe. Huko kijana mmoja alinijazia nyimbo za Sikinde, yaani Mlimani Park yangu, kwenye flashi kwa bei ya soda. Sijui alizitoa wapi. Kangondo ilibomolewa 2022 na watu wakahamishiwa Busanza. Kila nikipita hapo namkumbuka yule kijana kabla ya kukumbuka siasa za ubomoaji huo.

Nyimbo za kwenye flashi hazikukatwa na taarifa ya habari. Hata hivyo niliendelea kusikiliza nusu. Nikishaimba beti zangu zote nilibonyeza, nikaenda wimbo unaofuata. Desturi ya redio ilikuwa imeniingia vidoleni.

Mwaka 2012 nilikwenda Dar es Salaam kufuatilia kontena la marumaru lililokwama bandarini. Jumamosi ofisi zimefungwa, mwenyeji wangu akaniuliza napenda nini. Nikamjibu: Sikinde. Usiku tukawa DDC Kariakoo.

Nilitarajia kitu kama ibada. Nikakuta viti vya plastiki, bia mezani, kinamama wa makamo waliojifunga khanga kiunoni juu ya magauni mazuri, na watu wakiongea kwa sauti ileile ya sokoni. Bendi ikaanza. Wanamuziki wengi walikuwa wageni kwangu: Chidumule alishageukia nyimbo za injili, King Michael Enoch, mpiga saksafoni na mwalimu wa kizazi kizima, alishafariki, na Gurumo alikuwa ng'ambo ya pili, kwenye bendi hasimu ya Msondo. Ila Bitchuka alikuwepo. Mtu wa kawaida kabisa, shati la mikono mirefu, kipaza sauti karibu sana na mdomo. Alipopandisha sauti nilimtambua kwa masikio kabla macho hayajakubali. Katikati ilikuwa imechakaa kidogo. Kule juu bado ilifika.

Nikakaa kimya kumsikiliza, mikono mapajani, kama mtoto mbele ya redio ya baba. Ukumbi mzima nilikuwa peke yangu katika hali hiyo. Wenzangu walikuwa wakinywa, wakiagiza mishikaki, wachache wakicheza taratibu wawili wawili. Kisha gitaa likageuka, saksafoni na tarumbeta zikaanza kujibizana, tumba ikakaza, na ukumbi ukasimama wote.

Mama wa meza ya jirani akaniinamia. "Baba, wewe mgeni?"

"Nimetoka Kigali, mama."

"Kigali! Sasa mbona umekaa? Chemko hilo."

Nikainuka. Chemko lilichukua muda mrefu kuliko wimbo wote niliojua, na halikuwa na neno hata moja la kuimba isipokuwa vibwagizo. Watu walikwenda jukwaani kumtunza Bitchuka, noti zikibandikwa kwenye paji la uso, naye bila hata kupepesa. Mpiga besi, ambaye redioni sikuwahi kumsikia kabisa kwa udogo wa spika, ndiye aliyenichezesha. Nilichokiita wimbo miaka yote, kwao kilikuwa utangulizi wa kumalizia chupa.

Sasa nasikiliza kuanzia mwisho. Nyimbo nyingi ziko mtandaoni, na mara nyingi naruka beti ninazozijua, naenda moja kwa moja gitaa linapogeuka. Binti yangu alikwenda BK Arena kumwona Kendrick Lamar, Desemba 2023, akaniambia kila kitu kilikuwa vilevile kama alivyokiona kwenye simu, hadi mavazi. Alifurahi kwa hilo. Mimi nilimhurumia kidogo, ingawa sikumwambia.

Jumapili huja kwangu rafiki wa tangu Karagwe, naye ni wa Msondo. Nyarutarama nzima nadhani ni sisi wawili tu tunaogombana kuhusu jambo hili. Hoja yake haibadiliki: Gurumo alitokea kwao, enzi bendi yao ikiitwa NUTA Jazz, akarudi kwao, akastaafia kwao mwaka 2013. Hoja yangu ni kwamba hapo katikati aliianzisha Sikinde. Gurumo alifariki Aprili 2014, na rafiki yangu anadai mtu huhesabiwa alipofia. Namwuliza na Bitchuka je, aliyepita kote kote? Hapo huomba aongezewe chai.